Mizani Isiyo na Mwenyewe

Kolwezi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye depo za Musompo na zile zilizotapakaa kando ya barabara, kila gunia la mawe ya kobalti hupita mbele ya waamuzi wawili kabla ya kulipwa. Wa kwanza ni mizani ya kawaida, nayo kila mtu anaielewa: gunia linawekwa, kilo zinasomwa, na anayedhani amepunjwa anaweza kulibeba akalipime kwa jirani. Wa pili ni kifaa cha mkononi chenye umbo la bastola ambacho wachimbaji wanakiita Metorex, kwa jina la chapa. Mnunuzi anakielekeza kwenye mawe, anabonyeza, anangoja kidogo, kisha anataja asilimia. Asilimia hiyo ndiyo inayoamua bei. Gunia la asilimia moja na gunia la asilimia tatu huumiza mgongo wa aliyeyatoa shimoni kwa namna ileile, lakini sokoni hayajuani. Malalamiko ya wachimbaji ambayo watafiti wamekuwa wakiyaandika kwa miaka mingi yanahusu asilimia kuliko kilo: kwamba kifaa kiko mkononi mwa anayenunua, kwamba anayeuza hana chake, na kwamba namba ikishatajwa hakuna pa kwenda kuuliza.

Kifaa chenyewe hakisemi uongo. Kinapiga jiwe kwa eksirei, kila elementi iliyomo hujibu kwa mnururisho wake, na kifaa huuhesabu mnururisho huo na kuugeuza kuwa asilimia. Fizikia yake ni safi. Ila miali hiyo haioni zaidi ya ngozi ya jiwe. Jiwe likiwa na maji namba hushuka. Na gunia lina mawe mengi, kila moja na utajiri wake, huku mnunuzi ndiye anayechagua lipi lipigwe. Kwa hiyo inawezekana kabisa kupata namba sahihi ya jiwe moja na wakati huohuo kumdhulumu mwenye gunia zima. Swali linalojitokeza hapo ni la kale kuliko kompyuta: je, kipimo kikiwa sahihi, kimekwisha kuwa cha haki? Jibu langu ni hapana, na nadhani jibu hilo ndilo tunalolihitaji sasa kuliko wakati wowote, kwa kuwa biashara ya kimataifa inakabidhi vipimo vyake, kimoja baada ya kingine, kwa akili mnemba. Haki ya kipimo inadai usahihi, na inadai pia awepo mtu anayeweza kuulizwa, na anayelazimika kujibu.

Dini hazikuliacha suala la mizani mikononi mwa mafundi. Torati inaamuru vipimo vya haki katika sura ileile ya 19 ya Mambo ya Walawi inayoamuru kumpenda jirani, kana kwamba amri ya pili isingekuwa na mahali pa kukaa bila ya kwanza. Nabii Amosi anawakemea wafanyabiashara wanaoona Sabato inachelewa kuisha, wakitamani kurudi kwenye vipimo vyao vilivyopunguzwa. Kurani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wapunjaji, na mpunjaji anayeelezwa mle ni yule anayedai kipimo kamili akipokea na kukipunguza akitoa. Tuitazame picha hiyo vizuri. Kosa halimo ndani ya chuma. Chuma kinaweza kuwa kizima. Kilichooza ni kuwa na sheria mbili katika mkono mmoja. Ndiyo maana miji ya Kiislamu ilimweka muhtasibu sokoni, mtu mwenye jina na cheo aliyekagua mizani na pishi za wauzaji, na ambaye mnyonge angeweza kumwendea. Watu wa kale hawakuiogopa mizani kama chombo, ila waliona hatari ya kuiacha peke yake na mwenye nguvu.

Kuna jambo zito zaidi katika maandiko hayo, nalo husahaulika. Mungu, ambaye kwa imani ya Wayahudi, Wakristo na Waislamu hana haja ya kipimo chochote ili ajue, hatoi hukumu kwa kutaja namba na kuondoka. Katika Mwanzo 18, Ibrahimu anasimama mbele yake kuutetea mji wa Sodoma, akiishusha hesabu ya wenye haki kutoka hamsini hadi kumi, na Mungu anamsikiliza hatua kwa hatua. Katika mafundisho ya Kurani, siku ya hesabu mtu anapewa kitabu chake akisome mwenyewe. Ajabu iliyoje: Mjuzi wa yote anakubali kuhojiwa, na anayehukumiwa anaonyeshwa daftari. Kama ndivyo hukumu ya Mwenyezi inavyoelezwa, basi hukumu ya kifaa kilichotengenezwa na binadamu haiwezi kudai heshima kubwa kuliko hiyo. Asiyeamini anaweza kuiondoa teolojia yote hapa na hoja ikabaki imesimama, kwa sababu inalosema ni kwamba ujuzi, hata ukiwa kamili, haumwondolei hakimu wajibu wa kujieleza.

Kolwezi haihitaji kuazima fikra hizo mbali. Katika miaka ya 1950, kwenye parokia ya Musonoi, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière, padri Mfransisko Placide Tempels na wachimbaji waliokuwa wakisali naye pamoja na wake zao walianzisha vuguvugu la kidini la Jamaa. Tempels alikuwa ameshajulikana kwa kitabu chake cha falsafa ya Kibantu kilichotoka Élisabethville mwaka 1945, kitabu kilichosemwa vikali na Aimé Césaire na baadaye na Paulin Hountondji, na kwa sehemu kubwa walikuwa na haki. Lakini Jamaa haikuwa kitabu cha Mzungu juu ya Waafrika. Ilikuwa mafundisho yaliyozungumzwa kwa Kiswahili cha Katanga, baba na mama wa kambini wakifundishana juu ya uzima, uzazi na mapendo, na kiini chake kilikuwa kukutana: mtu hamjui mwenzake kwa kumhesabu wala kwa kumsoma, anamjua kwa kuingia katika mawazo yake na kumruhusu aingie katika yake. Inafaa kukumbuka haya yalisemwa wapi. Kampuni ilimjua mfanyakazi kwa namba yake ya matrikule, mgao wake wa chakula, nyumba yake na afya yake, yote yakiwa kwenye karatasi. Kwa vipimo vya enzi hiyo ulikuwa ujuzi mkubwa wa watu. Na ndani ya kambi hiyohiyo, waliojulikana kwa namba walikaa jioni wakasema kwamba bado hawajajulikana.

Namba ya matrikule haikuwa na kosa, na hilo ndilo fundisho ninalolichukua kutoka Musonoi. Ilimtambulisha mtu sawasawa, na siku ya mshahara ilimfaa. Ubaya ulianza pale ilipochukuliwa kuwa imemaliza habari zake. Akili mnemba katika biashara ni namba ya matrikule iliyokua, yenye uwezo wa kukisia, kulinganisha na kupendekeza. Tayari iko Katanga, au mlangoni mwake. Kampuni ya KoBold Metals, iliyopata mtaji kutoka mfuko ambao Bill Gates na Jeff Bezos wamo, inatumia programu za kujifunza kwa mashine kutafuta mashapo. Ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, kampuni hiyo inaendeleza mradi wa shaba wa Mingomba karibu na Chililabombwe, na Julai 2025 ilitia saini makubaliano na serikali ya Kongo mjini Kinshasa yanayogusa utafiti wa madini na kugeuza kumbukumbu za kijiolojia za Kongo kuwa data za kompyuta. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo imehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji, katika makumbusho ambayo asili yake ni maonyesho ya Leopold II ya mwaka 1897. Miezi mitatu kabla ya saini hiyo alikuwa amefariki V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, mwanafalsafa aliyetuachia dhana ya maktaba ya kikoloni: rundo la maandishi ambamo Mwafrika anazungumziwa bila kuzungumza, na ambalo hata anayelipinga hujikuta akitumia lugha yake. Sidhani ipo mifano mingi ya maktaba hiyo iliyo wazi kuliko kumbukumbu hizi za Tervuren. Mashine itajifunza ardhi ya Lualaba, mkoa wa Kolwezi, kutoka kwa wanajiolojia walioandika palipo na shaba, si palipo na makaburi, mashamba au visima, kwa kuwa hawakutumwa kuandika hayo. Itasema kweli juu ya kile ilichoonyeshwa, kama kile kifaa cha Musompo kisemavyo kweli juu ya jiwe lililochaguliwa.

Mpakani hali ni hiyohiyo kwa sura nyingine. Forodha ya Kongo, DGDA, hutumia mfumo wa SYDONIA uliotengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa la UNCTAD, na mifumo ya aina hii hupanga shehena kwa rangi: ya kijani ipite, ya njano ikaguliwe nyaraka, ya nyekundu ifunguliwe. Kanuni za kupanga zilikuwa zikiandikwa na maofisa; mwelekeo wa forodha duniani sasa ni kuiacha mashine ijifunze yenyewe kanuni hizo kutokana na shehena zilizopita. Shirika la Biashara Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2025, linakadiria kwamba akili mnemba inaweza kuongeza thamani ya biashara ya bidhaa na huduma kwa zaidi ya theluthi moja ifikapo 2040, huku likionya kwamba nchi maskini zinaweza kuachwa nyuma. Anayejua foleni ya malori kwenye mpaka wa Kasumbalesa hatalidharau tumaini hilo.

Na hapa pingamizi la kwanza linakuja, tena ni zito. Wanadamu walioshika mizani wametufanyia nini? Mkaguzi ana tumbo, ana binamu, ana karo ya shule. Mashine haili rushwa. Kwa mchimbaji aliyepunjwa na mtu mwenye jina na uso kwa miaka ishirini, kuambiwa kwamba uso ndio usalama wake kunasikika kama dhihaka. Nakubali nusu ya hoja hii bila masharti: pale ambapo mashine imepunguza mikono inayonyooshwa kati ya mgodi na bandari, imefanya jambo jema, na anayelilia utu wa karani wa zamani hajawahi kumlipa. Nusu ya pili siikubali. Mashine haina tumbo lakini ina mwenyewe, naye ana tumbo. Kinachobadilika ni umbali. Mpunjaji wa depo anaweza kupigiwa kelele, kuaibishwa mbele ya wake zake na watoto, kushtakiwa, hata kutubu. Toba ni neno la dini, lakini katika biashara lina maana ya kawaida kabisa: kukiri, kurudisha, kubadilika. Programu inaweza kusahihishwa. Haiwezi kutubu, kwa sababu haikukusudia. Na mwenyewe aliye Shenzhen au California anaweza kusema kwa ukweli mtupu kwamba naye hakukusudia. Hivyo dhuluma inabaki imetendeka na mtendaji hapatikani. Waraka wa Vatikani wa Januari 2025 juu ya akili mnemba, Antiqua et nova, unashikilia kwamba dhamana ya kimaadili inabaki kwa binadamu aliyebuni na aliyetumia. Sawa, lakini kanuni hiyo haina meno mpaka ijulikane ni binadamu yupi, na mlango wake uko wapi.

Pingamizi la pili linatoka kwa wafanyabiashara wenyewe: hamwezi kuendesha soko ambalo kila namba inabishaniwa, shaba haitafika Lobito wala Dar es Salaam. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama wakubwa wenyewe wangeiishi. Hawaiishi. Madini yanapouzwa kati ya kampuni na kampuni, sampuli hugawanywa: moja ya muuzaji, moja ya mnunuzi, moja huwekwa lakiri na kutunzwa. Kila upande hupima katika maabara yake, matokeo yanabadilishanwa, na tofauti ikizidi kiwango kilichokubaliwa, sampuli iliyotunzwa hupelekwa kwa maabara ya tatu iwe mwamuzi. Ndivyo shaba na kobalti zinavyosafiri, na biashara haijasimama. Shimo la Mashamba Mashariki limo leo katika eneo la Kamoto Copper Company, ambayo Glencore inamiliki robo tatu na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, robo moja. Mawe ya eneo hilo yakishakuwa bidhaa ya kampuni, hakuna anayetegemea kauli ya chombo kimoja kilichoshikwa na upande mmoja. Jiwe la mshipa huohuo likitolewa na mchimbaji wa mkono na kufika Musompo, kauli moja inatosha. Jiolojia haikubadilika njiani. Kilichobadilika ni nani anauza.

Mfano mkubwa zaidi ni ule wa mgodi wa Tenke Fungurume. Gécamines ilidai kwamba mshirika wake, CMOC ya China, hakutaja akiba ya madini kwa ukamilifu, na hivyo malipo yalipungua. Julai 2022 mauzo ya nje ya mgodi yakazuiwa, na Aprili 2023 CMOC ikakubali kulipa dola milioni 800. Pande zote mbili zilikuwa na wataalamu, mashimo ya utafiti na kompyuta. Namba ilibishaniwa kwa miezi, kisha watu wakakaa mezani wakaafikiana. Hakuna aliyesema Gécamines ni mshamba asiyeheshimu sayansi. Serikali ikibisha namba, tunaita majadiliano; mchimbaji akibisha, tunaita ukaidi. Nadhani sehemu kubwa ya mjadala wa akili mnemba katika biashara imejificha hapo: tunadhani tunajadili uwezo wa mashine, kumbe tunagawa haki ya kubisha, na tunaigawa kwa kufuata ukubwa.

Yapo madhara yasiyohitaji mpunjaji hata mmoja. Wanunuzi wakubwa wanaanza kutumia programu zinazosoma habari, ripoti na rekodi za usafirishaji, kisha kumpa kila msambazaji alama ya hatari. Alama hiyo inamwangukia nani? Tumekwisha kuona jaribio lake, bila akili mnemba. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kilizitaka kampuni kueleza kama bati, tantali, tungsteni au dhahabu yao inatoka Kongo au nchi jirani. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema hadi Machi 2011. Marufuku ilipoondolewa wanunuzi wengi walikuwa wameshajifunza njia rahisi ya kuwa wasafi: kutonunua. Aliyechimba bila bunduki kichwani mwake aliadhibiwa pamoja na mwenye bunduki, kwa kuwa aliyekuwa mbali hakuona sababu ya kugharimia tofauti kati yao. Mashine inayojifunza kutokana na yaliyopita itajifunza na hili, kwamba jina la Kongo na neno hatari hukaa pamoja. Italirudia kwa kasi, na kwa sauti ya hesabu. Kwa lugha ya Jamaa, ni kumhukumu mtu ambaye hujakutana naye wala hukusudii kukutana naye.

Bado nasikia sauti moja, ya wasiwasi wa kweli: kanuni za forodha zikiwekwa hadharani, mlanguzi atakuwa wa kwanza kuzisoma. Ni kweli. Lakini siri kwa mlanguzi na siri kwa hakimu ni vitu viwili. Mtu ambaye shehena yake imefungwa kwa rangi nyekundu kila mara anapaswa kuwa na ofisi ya kwenda, yenye mtu anayeweza kuifungua kanuni, kuiangalia, na kusema kwa jina lake mwenyewe: tumekosea, au hatujakosea kwa sababu hii. Vilevile depo. Ushirika wa wachimbaji wenye kifaa chake wenyewe, sampuli inayogawanywa mbele ya wote wawili, na maabara ya umma ya kwenda kuamua, iwe ya CEEC ambayo kazi yake kisheria ni kutathmini na kuthibitisha madini, au nyingine: hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoikataa teknolojia. Vingine vingeiongeza. Gharama yake ni ndogo mbele ya biashara ya nchi inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Kama haijalipwa mpaka leo, si kwa kukosa mashine.

Kuanzia 18 Februari 2027, sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 itataka betri ya gari la umeme inayouzwa huko iwe na pasipoti ya kidijitali inayofunguliwa kwa kusoma alama iliyobandikwa juu yake. Humo mtatajwa kemia ya betri, alama ya kaboni, kiasi cha madini yaliyorejelewa, na taarifa ya namna kampuni ilivyochunguza wasambazaji wake. Mnunuzi wa Stuttgart ataelekeza simu yake kwenye betri, atabonyeza, atangoja kidogo, na namba zitatokea. Katika orodha hiyo hakuna mahali pa kuandika kwamba siku fulani, kwenye depo ya Musompo, mwenye gunia alisema asilimia iliyotajwa si yake, akaomba jiwe lingine lipigwe.